Kidole gumba cha Jalpaiguri: alama za vidole kutoka chai ya Bengal hadi chai ya Kericho

Nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kazini nilipewa mradi wenye kifaa cha kusoma alama za vidole na, kama kawaida yangu, badala ya kusoma kijitabu cha maelezo nikajikuta nasoma historia ya kitu chenyewe. Kwa hiyo leo hakuna kodi (kodi za kompyuta, si zile za KRA). Ni historia, na inaanzia kwenye shamba la chai. Sio Kericho, subirini kidogo. Inaanzia Bengal.

Mwaka 1897, katika wilaya ya Jalpaiguri mpakani na Bhutan, meneja wa shamba la chai alikutwa kitandani amekatwa koo. Sanduku lake la nyaraka na sefu vilikuwa vimepekuliwa na fedha hazikuwapo. Washukiwa walikuwa tele. Kulikuwa na vibarua wa shamba. Kulikuwa na mpishi, ambaye nguo zake zilikuwa na madoa ya damu. Kulikuwa na jamaa za mwanamke aliyekuwa na uhusiano na meneja, na kundi la wasafiri Wakabuli waliokuwa wamepiga kambi karibu. Halafu kulikuwa na mtumishi wa zamani ambaye meneja aliwahi kumpeleka jela kwa wizi. Polisi wa haraka angemfunga pingu mpishi akaenda kulala.

Lakini ndani ya sanduku kulikuwa na kalenda ya Kibengali yenye jalada la buluu, na juu ya jalada madoa mawili hafifu ya rangi ya kahawia. Moja lilisomeka: kidole gumba. Kalenda ikapelekwa Calcutta, ambako ofisi changa kabisa ya alama za vidole ilikuwa inahifadhi kadi za watu waliowahi kuhukumiwa. Doa likalingana na gumba la kulia la yule mtumishi wa zamani, Kangali Charan. Akatafutwa, akakamatwa mamia ya maili kutoka pale. Mkemia wa serikali akasema doa ni damu ya mamalia. Zaidi ya hapo hakuweza kusema kitu, kwa sababu kipimo cha kutofautisha damu ya binadamu na ya mnyama kilikuja mwaka 1901.

Kesi ikasikizwa mwaka 1898, na hapa ndipo niliposimama nikaenda kujitengenezea chai. Kangali Charan alipatikana na hatia ya wizi. Ya mauaji, hapana. Mahakama iliona kwamba gumba lile linathibitisha mtu huyu aliishika kalenda iliyokuwa ndani ya sanduku, basi. Hakuna aliyemwona akiua, na kumhukumu kwa mauaji kwa doa lile peke yake si salama. Hii ni moja ya kesi za kwanza kabisa duniani ambapo alama ya kidole ilimtia mtu hatiani, na tayari kuna hakimu aliyejiuliza swali ambalo wengi waliomfuata walisahau kuuliza: alama hii inathibitisha nini hasa, na inaishia wapi?

Sasa tuingie kwenye sehemu iliyonifanya nipende hadithi hii kama mtu wa kompyuta.

Kuchukua alama za vidole ni rahisi. William Herschel, ofisa wa Kiingereza huko huko Bengal, alianza mwaka 1858 kwa kumtia mkandarasi mkono mzima kwenye mkataba. Tatizo ni kutafuta. Una kadi elfu kumi kwenye makabati, ameletwa mtu ambaye amekudanganya jina, unampataje? Ukilinganisha kadi moja moja utazeeka hapo. Mkuu wa polisi wa Bengal, Edward Henry, alikuwa na wasaidizi wawili wenye akili ya hesabu, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, na hao ndio waliotoa jibu. Mfumo ukaitwa Mfumo wa Henry. (Jina lililobaki ni la bosi. Nadhani wengi wetu humu tunaijua hali hiyo.)

Jibu lenyewe ni hili. Mistari ya vidole hujipanga kwa namna chache: tao, kitanzi, au mzunguko kama maji yanayozunguka bombani. Hesabu vidole kuanzia gumba la kulia kama namba 1 hadi kidole kidogo cha kulia namba 5, kisha gumba la kushoto namba 6 hadi kidole kidogo cha kushoto namba 10. Vipange viwili viwili. Jozi ya kwanza ina thamani ya 16, ya pili 8, ya tatu 4, ya nne 2, ya tano 1. Kidole chenye mzunguko kinapata thamani ya jozi yake, na kisicho na mzunguko kinapata sifuri. Jumlisha vidole vya namba shufwa, ongeza 1, andika juu. Jumlisha vya namba witiri, ongeza 1, andika chini. Umepata sehemu, kwa mfano 1/18 kwa mtu mwenye mzunguko kwenye gumba la kulia (16) na kidole cha pete cha kushoto (1), vingine vyote vitanzi.

16, 8, 4, 2, 1. Umeshaona? Hizo ni biti! Vidole kumi, biti kumi, droo 1,024. Watu hawa walikuwa wanaandika namba za mbili mwishoni mwa karne ya 19, kwa wino, bila umeme. Na kile walichokiunda ndicho sisi tunakiita hashi: hesabu ndogo inayochukua kitu kikubwa na kukupa namba ya droo ya kukitafutia. Waliosoma somo la miundo ya data wanajua pia jambo la pili kuhusu hashi, nalo ni mgongano. Vitu viwili tofauti huweza kuangukia droo moja. Kwa hiyo namba ya droo haisemi umempata mtu. Inakuambia tu uanzie wapi kutafuta, halafu jicho la mtu ndilo linalomaliza kazi kwa kulinganisha mistari yenyewe.

Shikilia hilo, kwa sababu mwaka 1901 mfumo huu ulihamia London, Scotland Yard, pamoja na Henry mwenyewe, na baada ya miaka michache ulikuwa huku kwetu.

Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, lakini vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kuandikishwa, kuchukuliwa alama za vidole, na kubeba karatasi iliyoandikwa jina lake, mwajiri wake, mshahara wake, siku alipoanza kazi na siku aliporuhusiwa kuondoka. Karatasi ilikaa kwenye kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Hicho ndicho kipande, na wazee wetu hawakukitaja kwa furaha. Harry Thuku alikipigia kelele mwaka 1921 na 1922 hadi akafukuzwa Nairobi na watu wakapigwa risasi wakidai aachiliwe.

Chai ya Kericho ilikuja mara baada ya kipande. Kwanza serikali iliwapa wanajeshi walemavu wa Vita vya Kwanza ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis ili walime kitani, mradi ukafa haraka. Katikati ya miaka ya 1920 wakaja Brooke Bond na James Finlay, na ardhi hiyo ikawa mashamba ya majani chai tunayoyaona leo. Chai inataka mikono mingi. Wakipsigis wengi wakati huo hawakuwa na hamu ya kuchumia mtu majani kwenye ardhi iliyokuwa malisho yao, kwa hiyo wafanyakazi wengi waliletwa kutoka Nyanza. Na wafanyakazi wakiona kazi ni ngumu au nyapara ni katili, walifanya anachofanya mtu yeyote mwenye akili: waliondoka.

Hapo sasa. Kuondoka kabla mwajiri hajatia sahihi kwenye kipande lilikuwa kosa la jinai. Mimi nikihama kampuni moja ya programu kwenda nyingine naandika kwenye wasifu wangu kwa fahari. Mchuma chai wa mwaka 1928 angefikishwa mbele ya hakimu.

Utauliza, si angetupa kikopo mtoni, aende shamba lingine, aseme jina jipya? Ndiyo, na hapo ndipo Calcutta ilipokuwa inamsubiri. Akiomba kipande kipya vidole vyake kumi vinatiwa wino, vinapelekwa Nairobi, karani anahesabu 16, 8, 4, 2, 1, anafungua droo, na kadi ya zamani iko pale. Kwa lugha yetu ya hifadhidata, jina lilikuwa sehemu ya kujaza tu, kidole ndicho kilichokuwa ufunguo mkuu. Na ukiwaza kuhusu majina ya kwetu utaelewa karani alivyochanganyikiwa. Mkipsigis anazaliwa Kip-fulani, akishatahiriwa anakuwa arap fulani kwa jina la baba, na nyumbani ana jina jingine kabisa. Hakumdanganya mtu yeyote. Ni mfumo tu uliotaka mtu awe na jina moja maisha yake yote.

Nataka niseme wazi jambo ambalo naona vitabu vingi hupita juu juu. Katika kazi hii ya kukamata watoro, alama za vidole zilifaa sana. Vidole kumi vyote, vilivyoviringishwa taratibu kwenye wino, na mtu mwenyewe amesimama pale. Swali ni moja: huyu ndiye yule? Kwa swali hilo makosa ni nadra. Sifa ya "alama za vidole hazikosei" ilijengwa hapo, kwenye magereza ya Bengal na ofisi za kipande. Halafu sifa hiyo hiyo ikabebwa hadi mahakamani kujibu swali tofauti kabisa: je, hiki kipande cha mstari kilichopakazika kwenye dirisha lililovunjwa, nusu ya kidole kimoja, chenye vumbi, ni cha mshtakiwa? Programu iliyopimwa kwa data safi ikapelekwa uwanjani kwa data chafu, na hakuna aliyeipima upya.

Mtu mmoja aliliona tatizo hili mapema. Henry Faulds, daktari Mskoti aliyefanya kazi Japani, ndiye aliyeandika kwenye jarida la Nature mwaka 1880 kwamba alama za vidole zinaweza kuwatambua wahalifu. Mwaka 1905 London iliwashtaki ndugu wawili, Alfred na Albert Stratton, kwa kuwaua mzee na mkewe dukani, na ushahidi mzito ulikuwa alama moja ya gumba kwenye sanduku la fedha. Faulds alikuwa mahakamani siku hizo. Upande wa nani? Wa utetezi! Yeye aliyelitoa wazo aliona kwamba vidole kumi ni jambo moja na kidole kimoja ni jambo lingine. Hakuitwa kutoa ushahidi. Utetezi ukamwita daktari mwingine, ambaye ikagundulika alikuwa ameziandikia pande zote mbili akitafuta ajira ya kuwa shahidi, na hapo kesi ikaishia. Ndugu wote wawili walinyongwa. Huenda walikuwa na hatia kweli. Lakini hoja ya Faulds haikujibiwa siku ile, na iliendelea kukaa bila jibu kwa karibu miaka 100.

Nirudi kwetu. Si kila mara serikali ya kikoloni ilijali kumtambua mtu mmoja mmoja. Mwaka 1934 ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha Laibon, yaani ukoo wa Talai wa Wakipsigis, kwa tuhuma za kuchochea watu na kuendesha wizi wa mifugo. Watu wapatao 700, wanaume, wanawake na watoto, walipelekwa Gwassi, ukingoni mwa Ziwa Victoria, penye mbung'o na malaria. Hapo hakukuwa na droo 1,024. Kuzaliwa Talai kulitosha. Nikiviweka viwili hivi pamoja naona kitu kinachonikera: serikali ile ile iliyokuwa na chombo kikali kabisa cha kumtofautisha mtu na jirani yake ilikitumia kumsaka kibarua aliyechoka, na ilipofika suala la kuhamisha ukoo mzima ikaona haina haja ya kumtofautisha yeyote.

Na kuna kichekesho. Mwaka 1947 serikali iliamua kwamba kipande kiondoke na badala yake watu wa rangi zote waandikishwe kwa alama za vidole. Walowezi wakawaka moto. Kutiwa wino vidole ni mambo ya wahalifu, walisema. Mwisho wa mvutano huo waliojua kusoma na kuandika wakaruhusiwa kutoa picha na sahihi badala ya vidole. Miaka karibu 30 ya kuchovya vidole vya watu wengine haikuwa imewasumbua.

Miaka hiyo hiyo, mwaka 1949, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilitoa uamuzi katika kesi ambayo jina lake kila wakili wa Kenya, Uganda na Tanzania analijua kama anavyojua jina la mama yake: Rex dhidi ya Kipkering arap Koske na mwenzake. Ukisikiliza mawakili mahakamani, kwa Kikikuyu chao, Kiluo chao, Kiganda chao, wote wanalitaja jina hili la Kikalenjin kila kesi isiyo na shahidi aliyeona kwa macho. Kanuni yake ni kwamba ushahidi wa mazingira unaweza kumtia mtu hatiani pale tu ambapo mambo yaliyothibitishwa hayawezi kukaa pamoja na uwezekano kwamba hana hatia, na hayawezi kuelezwa kwa njia nyingine yoyote ya maana isipokuwa kwamba alitenda kosa. Na mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka daima.

Alama ya kidole ni ushahidi wa mazingira. Ipitishe kwenye kanuni ya Kipkering uone. Kidole changu kiko kwenye kikombe dukani kwako: nimeiba, au nilikunywa chai pale Jumanne? Wale waamuzi wa Jalpaiguri walifanya hesabu hiyo hiyo miaka 50 kabla, bila kuwa na kesi ya kunukuu.

Lakini kanuni ya Kipkering inachukulia kwamba jambo lenyewe, yaani kulingana kwa alama, limeshathibitishwa. Je, kama kulingana kwenyewe ni kosa? Au kama ripoti imeguswa na mkono wa mtu?

La mkono wa mtu halipo mbali nasi. Ukitoka Bomet mjini kwenda kusini, chai inaisha, mahindi yanaanza, halafu unaingia Narok na Maasai Mara inakaribia. Septemba 1988 Mwingereza Julie Ward, mwenye umri wa miaka 28, alipotelea humo. Baba yake, John Ward, akaja kumtafuta, na kilichopatikana ni mabaki machache: sehemu ya mguu na taya. Kauli ya kwanza ya wakubwa ilikuwa kwamba ameliwa na wanyama. Daktari wa serikali aliyechunguza mabaki aliandika kwamba yamekatwa kwa kitu chenye makali. Kabla ripoti haijamfikia baba, mwanapatholojia mkuu wa serikali alibadilisha maneno, kukatwa kukawa kupasuka na kuraruka, kama kwamba ni meno ya simba. John Ward hakukubali, akapeleka mabaki Uingereza, na wataalamu wa huko wakasema panga. Mwaka 1989 hakimu wa Nairobi naye aliamua kwamba msichana aliuawa. Walinzi wawili wa mbuga walishtakiwa wakaachiliwa mwaka 1992, mtu wa tatu akaachiliwa mwaka 1999. Hakuna aliyepatikana na hatia hadi leo.

Kilichoniumiza kichwa katika kesi hiyo ni udogo wa mabadiliko yenyewe. Maneno machache tu. Sisi tunaotumia Git tunajua nani alibadilisha mstari gani saa ngapi. Ripoti ya maabara katika kesi ya mauaji, ambayo mtu anaweza kunyongwa au kuachiliwa kwayo, ilibadilishwa kwa kalamu. Na tulijua tu kwa sababu baba alikuwa na fedha za kufuatilia na tiketi ya ndege.

La makosa ya kulinganisha lina mfano mmoja mkubwa kuliko yote. Machi 2004 treni zililipuliwa Madrid. Polisi wa Uhispania walipata mfuko wenye vifaa vya kulipulia, na juu yake alama ya kidole. Wakawatumia FBI nakala. Kompyuta ya FBI ilipekua makumi ya mamilioni ya kadi ikatoa orodha ya watu 20 wanaofanana zaidi. Wa nne kwenye orodha alikuwa Brandon Mayfield, wakili wa Oregon, mwanajeshi wa zamani, aliyesilimu. Wataalamu watatu wa FBI wakasema ni yeye. Mtaalamu wa nne, aliyeteuliwa na mahakama kwa ajili ya utetezi, naye akasema ni yeye. Wahispania walikuwa wanasema tangu mwezi wa nne kwamba hawaoni. Mayfield akakamatwa Mei 6, na Mei 20 akaachiliwa, kwa sababu Uhispania ilikuwa imempata mwenye kidole: Mwaljeria, Ouhnane Daoud. FBI iliomba radhi, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikamlipa Mayfield dola milioni 2. Wakati wote huo hakuwa ametoka Marekani kwa miaka mingi.

Ilitokeaje? Fikiria kama mtu wa programu. Ukitafuta katika kadi 500, yule anayefanana zaidi na doa lako atakuwa anafanana kidogo. Ukitafuta katika kadi milioni 40, kompyuta itakuletea pacha. Hiyo ndiyo kazi uliyoipa! Hifadhidata ikikua, waliomo wasiohusika lakini wanaofanana sana na doa lako nao wanaongezeka. Tuseme kwa mfano tu kwamba doa chafu linaweza kumfanana mtu mmoja katika kila milioni moja: kwenye kadi milioni 20 una watu 20, na huenda mwenyewe halisi hayumo kabisa. Kuthibitisha kwamba wewe ni wewe, na kukutafuta kati ya wote, ni matatizo mawili yenye hesabu mbili, hata kama kifaa ni kile kile.

Na jicho la mtaalamu ni jicho la mtu. Mwaka 2006 mtafiti Itiel Dror alichapisha jaribio la wataalamu watano. Kila mmoja alipewa jozi ya alama ambazo yeye mwenyewe miaka ya nyuma alisema zinalingana, lakini akaambiwa hizi ndizo zile za Mayfield zilizokosewa. Watatu wakasema hazilingani, mmoja akasema hawezi kuamua, mmoja tu akabaki na jibu lake la zamani. Alama zilikuwa zile zile.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 2011: wataalamu 169, na majibu yanajulikana. Waliosema zinalingana wakati hazilingani walikuwa asilimia 0.1. Waliosema hazilingani wakati zinalingana, asilimia 7.5. Mimi naziona kuwa namba nzuri, na sitaki mtu aondoke hapa akisema alama za vidole ni uongo. Lakini walijua wanapimwa, na hata hivyo 0.1 si sifuri. Tangu Stratton hadi karne yetu hii mashahidi walikuwa wakiapa kwamba ni sifuri.

Sasa sheria yetu. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinaruhusu maoni ya watu wenye ujuzi maalumu kuhusu alama za vidole. Maneno hayo yana ukoo wake: kabla ya sheria yetu ya 1963 tulitumia Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, na ni mwaka 1899, mara tu baada ya kesi ya Jalpaiguri, India ilipoongeza alama za vidole kwenye kifungu chake cha wataalamu. Tulirithi mfumo wa droo na sentensi ya kuukubali mahakamani, vyote kutoka Calcutta. Majaji wetu wamesema mara nyingi kwamba maoni ya mtaalamu hayamfungi jaji, anayapima pamoja na ushahidi mwingine. Vizuri. Ila kifungu kinauliza tu kama mtu ana ujuzi, hakiulizi njia yake hukosea mara ngapi. Marekani tangu mwaka 1993 mahakama za shirikisho zinatakiwa kuangalia kiwango cha makosa kinachojulikana, na hata wao ilichukua ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi ya mwaka 2009 kuwaamsha.

Wakili wa kijana aliyeshtakiwa Sotik au Litein kwa kuvunja ghala anaweza kuuliza maswali haya bila kusubiri Bunge. Alama ilikuwa na ubora gani? Mtaalamu aliiangalia kabla au baada ya kuonyeshwa kadi ya mshtakiwa? Mtaalamu wa pili alijua jibu la wa kwanza? Kompyuta ilitoa orodha ya watu wangapi, na wengine walikuwa nani? Alama hiyo ingeweza kuwapo pale kwa muda gani? Shida ni kwamba kijana mwenyewe mara nyingi hana wakili. Sheria inampa wakili wa serikali yule wa mauaji, wa kuvunja ghala anajitetea.

Kitu kimoja cha pembeni kabla sijafunga. Wanaochuma chai miaka mingi mistari ya vidole hulika, hasa gumba na cha shahada. Shangazi yangu wa upande wa Bomet amekataliwa na mashine ya vidole mara tatu mfululizo hadi wakampa fomu ya karatasi. Mashine iliyojengwa juu ya kumbukumbu za vibarua haiwasomi vibarua.

Haya, niliahidi hakuna kodi, lakini nimeandika programu fupi ya mistari 20 inayofanya hesabu ya Haque na Bose. Jana nilipima vidole vya watu wanne ofisini kwa wino wa muhuri. Mimi nina mzunguko kwenye magumba yote mawili, vingine vyote vitanzi, kwa hiyo 4 na 1 juu, 16 na 1 chini: 5/17. Mwenzangu wa meza ya pili, Mluhya wa Kakamega ambaye hatuna undugu hata wa mbali, naye ni 5/17.